Vikadi vya Mzee Mpima

Asubuhi za Mufindi, Mzee Mpima aliiatamia kalkuleta yake kama kuku anavyoatamia yai. Aliivalisha soksi ya sufu, akaiingiza chini ya sweta upande wa kushoto, kisha akaketi kwenye ngazi ya gari la mradi huku amekunja mikono, akingoja. Sisi wengine tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Ukungu ulilala juu ya mashamba, mzito kiasi kwamba mtu akienda hatua ishirini, sauti yake ilibaki na mwili wake ukapotea. Baridi ya namna hiyo ilikilegeza kimota kidogo kilichokuwa ndani ya mashine, na bila kimota mashine haikumfaa kitu. Mhandisi akija kuuliza kama tunaweza kuanza kazi, alijibiwa kwa upole, "Bado imelala."

Hivyo ndivyo ninavyomwona hata leo: mtu aliyekaa katikati ya weupe, amefumba macho, anazipasha moto hesabu.

Nilifanya naye kazi miaka kadhaa, katikati ya miaka ya sabini, katika mradi wa kuvuta maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, kutoka milimani hadi vijijini. Mimi nilikuwa mchoraji ramani, msichana niliyetoka chuoni karibuni, na kituo changu kilikuwa banda la mabati pale Mbeya, upande wa Ilomba. Yeye aliniletea namba, nami nikazigeuza kuwa mistari. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wahandisi vijana walimwita Mzee Mpima, madereva vivyo hivyo, na hata mkewe, mbele za watu, alimwita Mpima tu.

Kalkuleta ile aliachiwa na mtaalamu mmoja wa nje aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko kiganja, na namba zake ziliwaka nyekundu. Ajabu yake ilikuwa vikadi. Kila kikadi kilikuwa chembamba, cheusi upande mmoja, urefu wa kidole, na kiliweza kubeba hatua mia moja za hesabu ambazo wewe mwenyewe umezipanga, kibonyezo kwa kibonyezo. Unakiingiza kikadi upande wa kulia, mashine inakivuta kwa mlio kama wa nyuki, kinatokea kushoto, na tangu hapo inajua kile ulichokijua siku ulipokiandika. Ukiizima inasahau vyote, mpaka uilishe tena.

Mashine ilikuja na vikadi vyake vya kiwandani, vimeandikwa tayari. Mzee Mpima alivichunguza wiki nzima, akavifunga kwa uzi, akaviweka juu ya kabati. Aliniambia havina kosa, ila vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepima kila kitu duniani, na mtu huyo yeye hajawahi kukutana naye. Yeye alipima mabonde ya Mbeya na Iringa. Basi akaanza kutengeneza vyake, kimoja kimoja, na fundi seremala wa Ilomba akamchongea kisanduku cha mninga chenye vijinafasi vya kuvisimamisha. Ofisini tulikiita maktaba yake, mwanzoni kwa utani.

Haikuwa rahisi kuingia katika maktaba hiyo. Hesabu yoyote mpya aliifanya kwa mkono mara ya kwanza, na mara ya pili akaifanya tena kwa mkono. Mara ya tatu aliifanya huku ananung'unika, na ndipo alipotoa kikadi kitupu. Siku moja mhandisi alimwomba amtengenezee kikadi cha kukadiria nguvu inayopotea maji yanaposuguana na bomba. Mzee Mpima akakumbuka kwamba hesabu ile ameifanya mara mbili tu. Alikaa asubuhi nzima akizidisha kwenye karatasi, mashine imelala pembeni yake, mhandisi anapita na kurudi mlangoni. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema mtu akiifanya hesabu mara moja anaona mahali palepale tu alipokuwa. Akiifanya mara tatu ndipo anaona kinachobaki vilevile kila mahali. Kinachobaki ndicho cha kuandika kwenye kikadi.

Majina yalimsumbua kuliko hesabu. Kila kikadi kilikuwa na nafasi ndogo nyeupe ya kuandika kwa penseli, neno moja au mawili hivi, naye aliweza kuzunguka na kikadi kisicho na jina majuma mawili. Alitaka kitendo. Alisema jina la kikadi ni amri, kwa hiyo ni lazima mtu aweze kulisema kwa sauti bila kuona aibu. Alikuwa na PANDA, alikuwa na SHUKA, alikuwa na GEUZA. Kimoja kilikataa jina kabisa. Kazi yake ilikuwa hii: ukizunguka eneo ukipima, ukirudi ulipoanzia huwa kuna tofauti kidogo, viganja viwili vitatu, na tofauti hiyo ni lazima igawiwe pointi zote, kila moja isogezwe kidogo, mpaka duara lijifunge.

Tulikuwa tunatoka Mbeya kwenda Iringa, gari likasimama Usangu kupisha ng'ombe. Lilikuwa kundi kubwa, la familia iliyohamia kutoka kaskazini, na lilikuwa limeacha njia ya kisimani. Mwenye kundi hakukimbilia mbele kumgeuza ng'ombe anayeongoza. Alitembea ubavuni mwa kundi lote taratibu, akimgusa kila mmoja kidogo kwa fimbo, na vumbi likawaka kwa jua, na ndani ya vumbi kundi zima likageuka kama mawingu yanavyogeuka, bila mtu kuona liligeuka saa ngapi. Mzee Mpima akashuka, akamwamkia yule bwana na kumuuliza hicho anachofanya kinaitwaje. Yule bwana alimtazama kwa mshangao. Akasema ni kuswaga tu. Mzee Mpima alirudi garini akitabasamu, akatoa penseli, akaandika SWAGA.

Mtu angedhani nyumbani kwake kulikuwa na mpangilio wa namna ile. Nilifika mara nyingi, na kila mara nilimkuta anatafuta kitu. Alitafuta miwani, alitafuta viatu, alitafuta barua ya shule ya watoto iliyotakiwa kurudishwa wiki iliyopita. Soksi zake hazikuwahi kufanana, kwa sababu ya pili siku zote ilikuwa kwenye kalkuleta. Mkewe, mama mcheshi wa Kihehe, aliniambia tukiwa jikoni kwamba anatamani angekuwa kikadi. "Angalau ningejulikana niko wapi," alisema, na alicheka, lakini hakucheka sana.

Na alikuwa mchoyo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Chakula chake, koti lake, nafasi yake kwenye gari, vyote angekupa. Vikadi hapana. Mpima mwenzake mwenye mashine kama ile akiomba kuazima, alijibu kwamba amevishona kwa kipimo cha mwili wake na vitambana mwingine. Chini ya majina aliandika alama ambazo yeye peke yake alizielewa, nukta na mikwaju, na nadhani alifurahi kwamba ni yeye peke yake. Saa nyingine nilimwona amefungua kisanduku bila kazi yoyote, anavipitia vikadi kwa ncha ya kidole, midomo inacheza.

Uchoyo huo uliisha kwa sababu ya kijiji kimoja, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Igowole.

Kijiji kile kilikuwa na chanzo kizuri cha maji mlimani, lakini kati ya chanzo na nyumba palikuwa na mgongo wa ardhi. Swali lilikuwa moja tu: je, mgongo uko chini kuliko chanzo? Ukiwa chini, maji yatapanda mgongo yenyewe ndani ya bomba na kushuka upande wa pili. Ukiwa juu, hayatapita kamwe. Chombo chetu cha kupimia usawa kilikuwa kimeharibika, mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo Mzee Mpima alipima pembe kwa darubini kutoka bondeni, akakokotoa vimo kwa vikadi vyake. Mgongo ukaonekana uko chini kwa urefu wa mtu na nusu. Akaniletea namba. Mimi ndiye niliyechora mstari wa bluu wa maji, na mgongo chini yake, kwa kalamu yangu nzuri kuliko zote.

Wanakijiji walichimba mtaro kwa majembe, wanaume kwa wanawake, majuma mengi, kwenye matope. Mabomba yakalazwa. Siku ya kufungua maji tulisimama upande wa kijiji, watoto wameshika ndoo, na kutoka kwenye bomba ikatoka hewa. Ilitoka kwa mluzi mwembamba, kisha ikanyamaza. Tulingoja mpaka jua likageuka.

Mhandisi aliyesimamia kazi akaandika kwamba wanakijiji hawakuchimba kwa kina walichoagizwa. Lilikuwa jambo rahisi kuliandika. Mzee Mpima hakubishana. Alirudi Mbeya, akakaa kwenye kona ya banda langu siku tatu, akirudia kila hesabu kwa mkono. Siku ya tatu mchana, mvua inapiga mabati, alichukua vikadi viwili akaviweka mezani kwangu kimoja nyuma ya kingine, kama viatu mlangoni.

Alinieleza polepole, na nilielewa ingawa sikuwa mpima. Kuna darubini zinazogawa duara sehemu mia tatu na sitini, na kuna nyingine, za Ulaya, zinazoligawa sehemu mia nne. Tulikuwa nazo za aina zote mbili. Kikadi cha kwanza alikiandika kwa ajili ya darubini ya mia nne, kwa hiyo kilianza kwa kuiambia mashine ihesabu kwa mia nne. Kilitoa kimo cha chanzo sawasawa. Lakini kilipomaliza hakikuirudisha mashine ilikokuwa. Kikadi cha pili, nacho kizuri, kilipewa pembe za mgongo, za mia tatu na sitini, na mashine ikazisoma kama za mia nne. Ikauona mgongo ni mfupi kuliko ulivyo.

"Vyote viwili havina kosa," alisema. "Kosa liko hapa katikati." Akaweka kidole mezani, kwenye uwazi kati ya vikadi, pasipokuwa na kitu.

Tuliolijua jambo lile tulikuwa wawili tu. Barua ya mhandisi ilikuwa imeshakwenda juu. Nilitazama mstari wangu wa bluu ukutani, nikaona aibu, na naungama kwamba wazo la kunyamaza lilinipitia. Yeye alivaa koti akaenda kuomba gari.

Alisema mbele ya kijiji kizima, amesimama kwenye udongo wa mtaro wao wenyewe, kofia mkononi. Kiswahili chake siku ile kilikuwa kifupi. Aliwaambia wamechimba vizuri kuliko alivyoagiza, na kwamba aliyekosea ni yeye, kwa sababu aliiacha mashine kwenye hali nyingine akasahau kuirudisha. Hakuna aliyezomea. Kisha mama mmoja, mwenyekiti wa akina mama, mikono ina udongo wa shambani, akauliza maji yenyewe yalifika wapi.

"Yalifika chini kidogo ya mgongo," Mzee Mpima akajibu. "Kama kimo chako hivi."

Yule mama akafikiri. "Basi yalikuwa yanatutafuta," akasema. "Tuoneshe njia ya kuyazungusha."

Walizunguka mgongo. Mtaro mpya ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, na Mzee Mpima aliuchimba pamoja nao likizo yake yote ya mwaka. Alichimba vibaya, viganja vimetoka malengelenge, wanawake wakamcheka na kumpokonya jembe na kumrudishia. Siku maji yalipokuja hakusimama na wengine bombani. Nilimkuta huko nyuma, kwenye kona ya mgongo ambapo bomba lilikuwa bado halijafukiwa, amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, sikio juu ya chuma. Alinyoosha mkono ninyamaze. Nikainama nami nikasikia: sauti ndogo, ya mbali, kama mtu anayeongea usingizini chumba cha pili.

Alipata barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Iringa. Mwaka uliofuata nami nikahamishiwa huko, nikamkuta dirishani, anaandika upya maktaba nzima. Kila kikadi sasa kilianza kwa kuiweka mashine katika hali kinayoitaka, na kilimaliza kwa kuirudisha kama kilivyoikuta. Hatua zile za kurudisha zilikula nafasi, na baadhi ya vikadi vyake alivyovipenda sana ikabidi avikate vipande viwili. Alivikata. Nukta na mikwaju akavifuta vyote.

Akaanzisha pia daftari kubwa la mistari. Kila kikadi kilipewa ukurasa: jina, kinataka nini, kinatoa nini, kinaacha nini nyuma, na mfano mmoja wenye jibu, ili hata asiye na mashine aweze kuifuata hesabu kwa penseli. Mimi ndiye niliyekuwa kipimo chake. Alinipa ukurasa nisome, na yeye hakuangalia ukurasa, aliniangalia usoni. Nikikunja uso hata kidogo, hakuniuliza sababu. Alichukua daftari akafuta mstari ule. Mara nyingine ukurasa mmoja ulikwenda na kurudi mpaka karatasi ikachubuka.

Wapima wengine wakaanza kunakili, wa Iringa kwanza, kisha wa Njombe. Hapo akapata shida mpya. Aligundua kwamba kikadi kimoja kingeweza kuwa kifupi zaidi endapo namba zingeingizwa kwa mpangilio mwingine, na kwa siku mbili alikuwa kama mtu mwenye kiu. Mwishoni hakukigusa. Alisema watu wanne tayari vidole vyao vimezoea mpangilio ule, na mmoja wao yuko porini hawezi kupata habari. Akatengeneza kingine kipya chenye jina jingine, akakiacha cha zamani kiendelee kuwepo. Aliyewahi kusema vitawabana wengine sasa alikuwa analinda vidole vya watu aliokuwa hajawaona.

Alistaafu akarudi Kalenga, kwenye shamba la mkewe. Siku ya kuondoka alinipa daftari, akasema nakala nyingine zipo na mimi ndiye niliyelisoma kuliko wote. Nikaolewa, nikahamia upande mwingine wa mji, siku zikaenda. Kisha nikasikia amepigwa na kiharusi.

Nilikwenda kumwona alasiri moja, mwishoni mwa miaka ile ya sabini, jua la kipupwe limekaa juu ya mahindi makavu. Nilikuwa na daftari mkobani, nikidhani nitamrudishia. Mkewe alinipokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na kunishika mikono yote miwili, akanivuta kando kabla sijaingia. Akaniambia anaongea vizuri, anatembea, lakini miaka ya mradi imefutika yote. Watu wakimweleza alivyokuwa zamani, analia, kwa hiyo nisimweleze. Mashine nayo ilikuwa imekufa. Kigurudumu cha mpira kilichovuta vikadi kilikuwa kimeyeyuka kikawa kama gundi.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti, mkono wa kulia umelala mapajani. Alinitazama kwa furaha ya mtu anayejua kwamba anakupenda ila hajui wewe ni nani. Aliniita mama. Tuliongea habari za mahindi, na mto, na baridi ya mwaka ule. Kisha akaona daftari mkobani mwangu, akaomba kwa macho, nikampa.

Alifungua katikati kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa ukurasa wa kupata kimo cha kitu usichoweza kukifikia. Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari, kisha akaniomba penseli. Alianza kuufanya mfano, akiandika pembeni mwa ukurasa kwa mkono asiouzoea, namba kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mkewe alisimama mlangoni na kopo la maji, hakuja karibu. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe aliandika jibu, akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa, akakuta jibu lililoandikwa kwa penseli yake mwenyewe zamani, na yote mawili yalikuwa sawa. Alicheka kwa pumzi tu.

"Nani ameandika hiki?" akaniuliza.

Nilimtazama mkewe. Nikasema ni mpima mmoja tuliyefanya naye kazi.

"Huyu ana subira," alisema. "Nikikwama ananingoja. Nikikwama tena, nakuta bado yupo." Alipapasa mahali karatasi ilipochubuka kwa kufutwa. "Ukimwona mwambie nimeelewa."

Nikamwambia nitamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akalowesha kidole ulimini, akafungua ukurasa uliofuata.